Udaktari Uliovunwa Kigoma

Ndugu msikilizaji, nawe unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, wiki hii nimepokea barua kutoka Mwanga, Kigoma. Aliyeiandika ni kijana mwenye shahada ya pili ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, amechoka kupiga hodi. Anataka kusomea udaktari wa falsafa, ile shahada ambayo wataalamu wa lugha yetu wameipa jina la uzamivu. Amevipelekea maombi vyuo vya Ulaya na Marekani, amejaza fomu za ufadhili hadi vidole vimeota sugu, na majibu anayopata ni yale yale ya kumtakia heri aendako. Anauliza: "Mzee wangu, shikamoo. Hizi nafasi za udaktari, za sayansi na hata za historia, ziko wapi, na sisi wa huku mwisho wa reli tutazifikiaje?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilicheka, si kwa kukudharau, la hasha, bali kwa sababu unachokitafuta umekikalia. Kutoka hapo ulipo, ukipanda mashua kuelekea kaskazini kilomita kama 16 tu, unafika Gombe. Ukielekea kusini, mwendo wa kilomita zaidi ya 100, unaipata milima ya Mahale. Mbele yako kuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo duniani kote linazidiwa kina na Baikal peke yake. Na ukigeuka upande wa pili, mwendo mfupi wa daladala, unaingia Ujiji. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wametoka Cambridge, Stanford, Kyoto, Boston na London kuja hapo, wakakaa, wakaandika, wakarudi kwao wakaitwa madaktari. Sasa nisikilize nikueleze jinsi walivyoupata udaktari huo, maana jibu lako limo humo, pamoja na uchungu wake.

Ujiji yenyewe ilipata umaarufu kwa neno hilo hilo, dokta. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, akamsalimu kwa cheo hicho, na salamu ile ikazunguka dunia. Livingstone alikuwa tabibu aliyepata cheti chake Glasgow mwaka 1840, na baadaye akatunukiwa udaktari wa heshima. Lakini watazame waliokuwa nyuma yake. Susi na Chuma, walioubeba mwili wake hadi pwani pamoja na wenzao, walipelekwa Uingereza mwaka 1874. Huko waliketi na Horace Waller, aliyekuwa akizitayarisha shajara za marehemu kwa ajili ya uchapaji, wakamfafanulia mahali na mambo ambayo karatasi zenyewe hazikuyaeleza. Kabla yao, Februari 1858, Burton na Speke walifika Ujiji wakiwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi Bara Hindi. Bombay alikuja kupewa medali na pensheni na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Medali alipata, sikatai. Lakini tangu siku hizo kazi ilikwisha kugawanywa: huyu anajua njia, yule anaandika kitabu.

Niingize hapa jina moja ambalo wasomaji wengi wa mjini hawalijui. Huko Karema, pwani ya ziwa upande wa kusini, alikuwapo mganga aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni, akakombolewa na mapadri, akapelekwa Malta kusomea tiba. Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka. Alitibu watu pale hadi kufa kwake mwaka 1956, na watu walimwita dokta bila kumwuliza karatasi. Kama kuna anayestahili kuitwa dokta wa kwanza Mwafrika wa ziwa lile, basi ni yeye, na mara nyingi nimejiuliza kwa nini watoto wetu wanamjua Livingstone tu.

Turudi kwenye udaktari wa vitabu. Tarehe 14 Julai 1960 binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alishuka ufukoni Gombe pamoja na mama yake na mpishi. Mama alikuja kwa sababu serikali ya kikoloni haikukubali msichana akae porini peke yake. Siku chache kabla ya hapo walikuwa wamekwama Kigoma mjini, kwani Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni na Wabelgiji walikuwa wakilivuka ziwa kwa wingi kukimbia machafuko. Mama na binti wakajikuta wakiwapakia wakimbizi mikate nyama ya kopo.

Binti huyu, kijana wangu, hakuwa na shahada ya kwanza, achilia mbali ya pili kama uliyo nayo wewe. Alikuwa amesomea ukarani. Alichokuwa nacho ni mtu mmoja aliyemwamini, naye ni Louis Leakey wa Nairobi, na fedha za miezi sita zilizotolewa na mfuko wa familia moja ya Kimarekani iitwayo Wilkie. Kabla miezi sita haijaisha alikuwa amemwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa ujani alioutengeneza mwenyewe, jambo ambalo wataalamu wa wakati ule walilihesabu kuwa la binadamu peke yake. Milango ikafunguka. Mwaka 1962 Cambridge walimpokea asomee udaktari moja kwa moja, akaupata katikati ya muongo ule.

Kuna kisa kimoja cha Cambridge ambacho Goodall alikisimulia maisha yake yote, hadi alipofariki Oktoba 2025. Wakubwa wa sayansi walimkosoa kwa kuwapa sokwe majina. Mnyama wa utafiti, walisema, hupewa namba. Yeye akashikilia majina yake: Flo, Fifi, David Greybeard. Alishinda, na leo majina hayo yanajulikana hata kwa watoto wa shule za Tokyo na New York.

Basi niulize, na swali hili nimelibeba kwa miaka mingi: sokwe wana majina, je, waliowafuata sokwe hao milimani kila siku, alfajiri hadi magharibi, majina yao nani anayajua?

Usinielewe vibaya. Kwa haki kabisa, Goodall mwenyewe aliwataja katika vitabu vyake, tena kwa shukrani: Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Almasi na wengine. Lakini jina la ukurasa wa shukrani ni kama jina la mpishi kwenye harusi. Wageni wanasifu pilau na kumpongeza bwana arusi.

Chukua tarehe 7 Januari 1974. Siku hiyo kundi la madume wa Kasakela liliingia eneo la kundi la Kahama, likamvamia dume mmoja aliyeitwa Godi na kumpiga vibaya sana. Hakuonekana tena akiwa hai. Huo ulikuwa mwanzo wa vita ya miaka minne ambayo ilibadilisha mawazo ya wanasayansi kuhusu sokwe, na hata kuhusu chimbuko la vita vya binadamu. Aliyeshuhudia kwa macho yake na kutoa habari ile ni Hilali Matama. Yaliyoandikwa vyuoni kutokana na vita vile ni mengi, na yote yanaanzia kwenye macho ya mtu huyo mmoja aliyekuwa hana shahada.

Miaka ile Gombe ilikuwa imejaa wanafunzi. Richard Wrangham alipata udaktari wake Cambridge kutokana na Gombe. Anne Pusey aliupata Stanford. Craig Packer, ambaye baadaye alijulikana kwa simba wa Serengeti, aliupata Sussex kwa kuwachunguza nyani wa pale pale Gombe. Kisha, usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wapatao 40 walivuka ziwa kutoka Zaire wakateka watu wanne, wanafunzi na msaidizi wa utafiti. Walikuwa waasi wa Laurent Kabila, yule yule aliyekuja kuwa Rais wa Kongo mwaka 1997. Baada ya majuma kadhaa na majadiliano marefu wote waliachiwa salama. Lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe, na kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kukaa.

Utafiti ulipaswa kufa siku ile. Haukufa. Wasaidizi wa Kitanzania, wengi wao wana wa vijiji vya kandokando ya hifadhi, waliendelea kupanda vilima kama jana. Utaratibu wao ulikuwa huu: wawili wawili walimfuata sokwe mmoja toka anaposhuka kitandani mwake mtini asubuhi hadi anapotengeneza kingine jioni. Kila dakika 15 waliandika yuko wapi na yuko na nani. Pembeni waliandika maelezo marefu ya waliyoyaona, nani kamchapa nani, nani kazaa, nani anaumwa. Na maelezo hayo, ndugu msikilizaji, waliyaandika kwa Kiswahili.

Hapo naomba tusimame kidogo. Karatasi hizo za Kiswahili zilikusanywa, zikapelekwa Marekani, kwanza Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1995 kisha Duke, zikatafsiriwa kwa Kiingereza na kuingizwa kwenye kompyuta. Kutokana nazo wanafunzi wa udaktari wameandika tasnifu kuhusu umama wa sokwe, vyeo vyao, maradhi yao. Mwaka 2009 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba sokwe wa Gombe wenye kirusi kinachofanana na cha UKIMWI hufa mapema kuliko wenzao. Jambo kama hilo haliwezi kujulikana bila kumfahamu kila sokwe, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa, kwa miaka mingi mfululizo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Kiswahili hakifai kwa sayansi huwa namtazama tu. Sayansi hiyo imekwisha kuandikwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1970, kwa kalamu ya Bic, mvua ikinyesha.

Wajapani walikuja kwa mtindo wao. Msafara wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kyoto ulifika pwani ya ziwa mwaka 1961, na mwaka 1965 kijana Toshisada Nishida akaweka kambi Kasoge, chini ya milima ya Mahale, katikati ya Watongwe. Aliwazoesha sokwe kwa miwa, akagundua kwamba wanaishi katika jamii zenye mipaka na wenyewe, akapata udaktari wake, na vijana wa Kyoto wakafuata mmoja baada ya mwingine. Walijifunza Kiswahili, na baadhi yao Kitongwe pia. Mwaka 1981 Nishida na mwenzake Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Mwenzao Makoto Kakeya, aliyekuja kuwachunguza wanadamu wala si wanyama, alizama zaidi: alijifunza uganga kwa Watongwe hata wakamtawaza mganga. Nadhani ni yeye peke yake katika habari hii aliyekuwa daktari kwa pande zote mbili, na shahada ya Watongwe pengine ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi.

Lakini Watongwe wenyewe? Wakati wa operesheni vijiji katika miaka ya 1970 waliokuwa wakikaa milimani walishuka, na mwaka 1985 Mahale ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Majina ya miti yao yamehifadhiwa vizuri sana katika jarida la Kyoto. Sisemi kwamba hifadhi ni mbaya. Bila hifadhi sokwe wale wasingekuwapo. Nasema kwamba mtoto wa Mtongwe akitaka kujua babu yake aliuitaje mti fulani, inabidi amwulize Mjapani.

Ziwa nalo lina historia yake, nami nitaipita haraka maana muda wa redio ni mfupi. Mwaka 1896 Mwingereza aitwaye Moore alikuja kutatua fumbo: kwa nini ziwa hili la maji matamu lina konyeza, na konokono wanaofanana na wa baharini? Alidhani ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Alikosea, lakini kosa lake lilileta wengine. Baada yake wakaja wataalamu wa samaki, na hasa wale samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, aina 240 hivi, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wametoa tasnifu nyingi, na mpaka leo zinaendelea kuandikwa, kule Basel na kwingineko.

Udaktari wa ziwa unaotugusa tumboni ni ule wa dagaa. Mwaka 2003 zilitoka tafiti mbili kwa pamoja, moja katika Nature na nyingine katika Science, zikiongozwa na vijana wawili waliolichunguza ziwa kwa ajili ya udaktari wao, Catherine O'Reilly wa Arizona na Piet Verburg wa Waterloo, Kanada. Zilieleza hivi. Maji ya chini kabisa ya ziwa yana rutuba lakini hayana hewa. Upepo wa kusi unapovuma, kuanzia Mei hadi Septemba, huyatikisa maji, rutuba ikapanda juu, mwani ukaota, dagaa wakala. Dunia ikipata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi mno, hayachanganyiki tena vizuri na ya chini. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uoto wa ziwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo laweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa ziwani miezi mitatu ili samaki wazaliane, na wavuvi wa Kibirizi na Katonga wakaketi nyumbani na taa zao. Unaona, basi, kwamba tasnifu ya mtu wa mbali inaweza siku moja kufika mlangoni kwako ikiwa amri.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwapo, ila wachache. Taasisi yetu ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na ina kituo chake hapo Kigoma. Mmoja wa watafiti wake, Ismael Kimirei, alichunguza dagaa wa Kigoma na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007. Alipokwenda Uholanzi kusomea udaktari, tasnifu yake ikawa juu ya samaki wa mikoko na matumbawe ya pwani. Amekuja kuiongoza TAFIRI yote, nami namheshimu sana. Natumia mfano wake kuonyesha tu kwamba udaktari hufuata mahali fedha zilipo. Mtu wa ziwa huweza kupelekwa baharini, na mtu wa Arizona akaletwa ziwani. Gombe nako, Shadrack Kamenya, Mtanzania mwenye udaktari, ameshika kwa miaka mingi kazi ya sayansi na uhifadhi wa sokwe. Hawa si wengi kama walivyopaswa kuwa.

Sasa nifike Ujiji, mahali panaponikaa moyoni. Mwaka 1973 Beverly Brown alipata udaktari Chuo Kikuu cha Boston kwa tasnifu ya historia ya mji wa Ujiji tangu mwaka 1800 hivi hadi 1914. Mwaka 2000 Sheryl McCurdy aliupata Columbia, New York, baada ya kuketi na wanawake wa Kimanyema wa Kigoma na Ujiji na kusikiliza habari za uzazi, tiba na vyama vyao tangu zama za misafara. Mwaka 2017 Philip Gooding aliupata London kwa historia ya biashara ya ziwa katika karne ya 19, na mwaka 2022 akatoa kitabu. Wote watatu wamefanya kazi ya kusifiwa. Wametuonyesha Ujiji kama mji hasa, wenye soko, wenye Waswahili, Wajiji, Wamanyema na Waarabu wanaopatana na kugombana, wala si mwembe uliomkuta Livingstone chini yake.

Nikaenda kuitafuta hiyo tasnifu ya 1973 katika maktaba moja ya hapa nyumbani. Mtunza vitabu alikuwa mwungwana, akanitafutia hadi jasho likamtoka. Kadi ilikuwapo. Kitabu rafuni hakikuwapo, na hakuna aliyekumbuka kimeazimwa lini. Nilirudi nyumbani nikiwaza: mzee wa Ujiji huwapa wageni maneno yake, maneno yanavuka bahari, yanakuwa kitabu, na mjukuu wa mzee akitaka kukisoma anaonyeshwa kadi.

Haya, tujibu barua. Kwanza ujue tofauti ambayo wengi hawaambiwi. Katika sayansi, nafasi ya udaktari mara nyingi ni kama ajira: profesa amekwisha kupata fedha za mradi wake, anatafuta mikono na akili ya kuufanya. Kwa hiyo huombi kwa chuo kwanza, unamwandikia profesa mwenyewe, ukiwa umesoma kazi zake na unajua anachotafuta. Katika historia, lugha na mambo ya jamii ni kinyume. Huko hakuna anayekungoja na swali. Swali unalo wewe, na anayekupokea anakupokea kwa sababu ya swali hilo. Maombi yako kumi uliyonipelekea nakala zake yanaeleza cheti chako, alama zako na hamu yako. Hakuna hata moja linaloeleza unataka kujua nini.

Fedha zipo, ingawa hazitoshi. Misaada ya Jumuiya ya Madola ina historia tangu mwaka 1959. Wajerumani wana DAAD, Wajapani wana ile ya wizara yao ya elimu, na ukitaja Mahale kwa Mjapani huhitaji kueleza ni wapi. Wasweden kwa miaka mingi waligharamia walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma udaktari nusu huku nusu kule. Wala si lazima uvuke bahari: Dar es Salaam, Sokoine na Muhimbili wanatoa udaktari, Chuo Kikuu Huria kimekuwapo tangu 1992, na kule Arusha Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi wa sayansi mwaka 2011. Tena kumbuka kwamba mgeni anayetaka kufanya utafiti nchini lazima apitie COSTECH kupata kibali na awe na mwenzake wa hapa. Huyo mwenzake anaweza kuwa mtu wa kutia saini tu, na anaweza kuwa wewe.

Wapo waliokwisha kukutangulia katika kucheza kwao. Profesa Isaria Kimambo alikwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akarudi kwao Upare kuwauliza wazee, akapata udaktari mwaka 1967 kwa historia ya kwao wenyewe. Wakati ule wapo waliosema Upare haina historia kwa kuwa haina maandishi. Siku hizi yupo Salvatory Nyanto wa Dar es Salaam, aliyesomea Iowa, ambaye mwaka 2024 ametoa kitabu juu ya watu waliotoka utumwani wakajenga jamii zao katika Tanzania ya magharibi. Huko ni jirani kabisa na kwako.

Na sasa nikurudishe kwenye barua yako, ukurasa wa pili, mahali ulipoandika kama mtu anayepitisha maneno. Umesema unakaa na babu yako, umri umekwenda, na kwamba babu huyo alifanya kazi chumba cha mashine katika Liemba zamani ilipokuwa ikiendeshwa kwa mvuke, kabla ya dizeli za miaka ya 1970. Unasema usiku anasimulia sana mpaka mnachoka kumsikiliza.

Kijana wangu, meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaundwa upya hapo hapo na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina ililo nalo. Habari za chuma chake zimeandikwa mara nyingi. Zimeandikwa za manahodha, za maofisa, za vita. Za watu waliosimama mbele ya tanuri lake sijazisoma popote.

Usiandike ombi jingine wiki hii. Jioni hii ketini naye barazani, uwe na daftari na kalamu mbili, maana moja itakwisha wino. Usianze na meli. Anza na wenzake wa zamu: nani alikuwa nani, ametoka kijiji gani, aliitwaje nyumbani na aliitwaje melini. Akisahau jina mpe muda, mletee chai. Yaandike yote, na mbele ya kila moja uandike tarehe uliyoambiwa na nani aliyekuambia.